Wafugaji Wasio na Zizi

Mtu amwitaye mnyama wa mwitu kwa kipande cha nyama hudhani amefanya jambo moja tu, nalo ni kumlisha. Kwa hakika amefanya mambo mawili. La kwanza ni hilo la kulisha, na hilo huisha mara mnyama amezapo. La pili ni kufundisha, na hilo haliishi upesi. Mnyama amejifunza kuwa kiumbe kiendacho kwa miguu miwili hakiogopwi. Na kwa kuwa hana lugha ya kuuliza majina wala njia ya kupambanua nia, somo alilolipata kwa mtu mmoja hulichukua kwa watu wote. Dai la makala haya ni kwamba somo hilo ni hiyana, hata likifundishwa kwa mapenzi, na kwamba walifundishao hujitwalia raha ya ufugaji na kuwaachia wengine gharama yake. Hoja itajengwa juu ya mnyama mmoja, mbweha, kwa sababu ni wanyama wachache wa mwitu waliokutana na nia za watu nyingi na zenye kupingana kama yeye.

Mbweha asemwaye hapa ni mbweha mwekundu wa nchi za kaskazini. Kiswahili hakikuwa na jina lake kwa kuwa hakuwa jirani. Kilimwazimia jina la jamaa zake wa mbuga na vichaka vya Afrika Mashariki, ambao wana sura na tabia nyingine. Yeye huishi Ulaya, sehemu kubwa ya Asia, Amerika ya Kaskazini na kaskazini ya Afrika. Na huko Australia alipelekwa na watu. Hula panya, nyungunyungu, wadudu, matunda, ndege, na mabaki ya jikoni. Mnyama alaye vitu vingi namna hiyo huweza kukaa karibu popote, na akaaye popote hukutana na kila aina ya mtu. Kwa mmoja ni mwizi wa kuku; kwa wa pili ni ngozi ya koti; kwa wa tatu ni mchezo wa farasi na mbwa; kwa wa nne ni mjumbe wa mungu; kwa wa tano ni mgeni wa jioni. Wako wataalamu wasemao kuwa tofauti hizi ni utajiri wa mila za wanadamu, na kwamba mwanachuoni hana kazi juu yake ila kuziandika. Kauli hiyo ina adabu, lakini inasahau kwamba mbweha hakupelekewa nakala ya maandishi hayo.

Na tuanze na mgeni wa jioni. Katika miaka ya 1930 mbweha walianza kuonekana katika vitongoji vya London na miji mingine ya kusini ya Uingereza, wakati nyumba nyingi zenye bustani zilipojengwa pembezoni mwa miji. Bustani zilikuwa na maficho, nyungunyungu na makombo, na mbweha wakakaa. Leo ni jambo la kawaida katika miji hiyo kwa mbweha kukatiza njia jioni mbele ya watu bila haraka. Baadhi ya wenye nyumba huwawekea chakula nyuma ya mlango: mifupa ya kuku, mkate, nyama ya kopo ya mbwa. Siku za kwanza mbweha huja wakati taa zimezimwa. Baadaye huja taa zikiwaka. Mwisho hukaa kizingitini akingoja, na wako waliofika hata kula mkononi. Mwenye nyumba hufurahi, na furaha yake si ya uongo. Kuaminiwa na kiumbe ambaye babu zake walikimbia kila mtu ni heshima ambayo moyo mgumu tu ndio usingeisikia.

Lakini bustani ya Mwingereza ina ua, na ng'ambo ya ua kuna jirani. Jirani huyo hakuulizwa. Huenda ana kuku, au sungura wa mtoto, au mtoto mwenyewe aliyelazwa karibu na mlango ulioachwa wazi kwa joto la kiangazi. Mbweha aliyefundishwa kuwa mlango wazi ni mwaliko hawezi kujua kuwa mlango wa nyumba ya tano si kama mlango wa nyumba ya nne. Mwezi wa Juni mwaka 2010, mashariki mwa London, watoto wachanga wawili mapacha walijeruhiwa na mbweha aliyeingia chumbani walimolala. Matukio ya namna hiyo ni nadra sana, na hapana haja ya kuyakuza. Jambo la kuangaliwa ni lililofuata: mitego ikategwa, magazeti yakapiga kelele, na hasira ya watu haikuuliza ni mbweha yupi aliyetenda. Kama vile mbweha asivyoweza kubagua watu, watu nao walipoghadhibika hawakubagua mbweha. Aliyewazoeza mbweha kuja mlangoni, popote alipo, hakutajwa na mtu.

Hapa lugha ya Kiswahili ina msaada wa kutoa, kwa maana imetenga maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna kufuga, na kuna kuzoeza. Kuzoeza ni kumwondolea kiumbe hofu au ugeni, basi. Kufuga ni zaidi: afugaye ana zizi au banda, ana jina la mwenye mali, na ana wajibu. Mbuzi akila mahindi ya mtu, hapana mzee wa kijiji atakayemshitaki mbuzi. Huulizwa, Mbuzi huyu ni wa nani? Na mwenyewe hulipa. Sheria hiyo ni kongwe. Wasomao Kurani wanakijua kisa cha Daudi na Sulemani walipohukumu juu ya konde lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Na katika Torati imo amri kwamba mtu akimwacha mnyama wake alishe katika shamba la mwingine, na alipe. Watu wa zamani hawakuwa na shaka kwamba ufugaji una pande mbili, faida na dhamana, na kwamba atwaaye upande mmoja hana budi kutwaa na wa pili.

Mlishaji wa mbweha ametafuta njia ya kutwaa upande mmoja. Anataka mnyama aje aitwapo, amtazame usoni, alete watoto wake kuonyeshwa. Hizo ni faida za ufugaji. Lakini ukimwambia kuwa mbweha wako ameua kuku wa jirani, atajibu kwa haraka kwamba huyo si wake, ni mnyama wa mwitu. Asubuhi mbweha ni wa mwitu, jioni ni rafiki wa nyumba. Na saa ya kubadilisha jina huchaguliwa na yule mwenye faida. Hiyo ndiyo maana ya mfugaji asiye na zizi. Hana ua wa kumzuilia mnyama wake asidhuru, wala ua wa kumkinga asidhuriwe.

Na madhara humfikia mbweha kabla ya kumfikia mtu. Katika miji ya Uingereza magari ndiyo sababu kubwa ya vifo vya mbweha, na wengi hawamalizi miaka miwili. Mji wa Bristol, ambamo tabia za mbweha zilichunguzwa kwa miaka mingi, ulikuwa miongoni mwa miji yenye mbweha wengi kupita kiasi, na wenyeji wengi waliwapa chakula. Mwaka 1994 uliingia ugonjwa wa upele, ambao huenezwa kwa kugusana na kwa kulala katika shimo moja. Kwa muda usiozidi miaka michache mbweha wa Bristol walikufa zaidi ya 95 katika kila 100. Hapana asemaye kuwa sahani za chakula ndizo zilizouleta ugonjwa. Lakini mahali ambapo chakula huwakusanya wanyama wengi kuliko desturi yao, ugonjwa wa kugusana huwa hauna safari ndefu ya kwenda.

Watetezi wa ulishaji wana jibu, nalo lastahili kusikilizwa. Husema kwamba mbwa naye alikuwa mnyama wa mwitu, akaja motoni mwa mtu kufuata mifupa, akawa rafiki. Basi mbweha wa leo yumo katika njia ile ile, na kumzuia ni kuzuia historia. Jibu hili lingekuwa zuri kama jaribio halikufanywa. Lakini lilifanywa. Mwaka 1959, karibu na mji wa Novosibirsk katika Siberia, mtaalamu wa urithi Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha wenye manyoya ya fedha waliotoka katika mashamba ya ngozi, na kazi hiyo ikaendelezwa na msaidizi wake Lyudmila Trut. Katika kila kizazi walichaguliwa wachache tu, wale waliomvumilia mtu kuliko wengine, na hao ndio walioruhusiwa kuzaa. Vizazi vilipopita wakatokea mbweha waliotikisa mkia, waliolia wakiitaka mikono ya watu, na waliowalamba watunzaji wao kama mbwa.

Watu husimulia habari hizo kana kwamba upendo ndio uliowafuga. La. Kwa makusudi kabisa mbweha wale hawakufundishwa. Waliishi katika vizimba, na muda wao wa kukaa na watu ulipimwa, ili upole utakaoonekana uwe wa damu wala usiwe wa mazoea. Trut mwenyewe aliandika mwaka 1999 kwamba katika miaka 40 walizalishwa mbweha wapatao 45,000, na kwamba waliobaki wakati ule walikuwa kama 100, kila mmoja akiwa ni matunda ya vizazi 30 hadi 35 vya uchaguzi. Hao wengine ambao hawakuchaguliwa walikuwa mbweha wa shamba la ngozi, na mwisho wa mbweha wa shamba la ngozi wajulikana. Baadaye, mwaka 2019, wataalamu wengine walikumbusha kuwa mababu wa mbweha hao walitoka katika mashamba ya Prince Edward Island huko Kanada, ambako tayari walikuwa wamezalishwa na watu kwa vizazi vingi. Hivyo hata mwanzo wa Belyaev haukuwa mwanzo wa mwitu mtupu. Hii ndiyo bei ya kufuga kweli: miongo ya miaka, maelfu ya wanyama, vizimba, na mkono usiohurumia katika kuchagua. Mtu mwenye sahani ya mifupa nyuma ya nyumba hawezi kuilipa bei hiyo, wala haimpasi kujigamba na mali ambayo hakuinunua. Mbweha wake hakubadilika damu hata tone. Ameondolewa ngao tu.

Watetezi wengine hukimbilia kitabu. Antoine de Saint-Exupéry alitoa mwaka 1943 hadithi ya mwana mdogo wa mfalme, na ndani yake yumo mbweha aombaye kuzoezwa. Kurasa zile zimependwa duniani kote, na maneno ya yule mbweha juu ya wajibu wa mwenye kuzoeza huandikwa katika kadi na kuta. Ajabu ni kwamba wayanukuuo hawaendi ukurasa unaofuata. Mwana wa mfalme anaondoka. Ana safari yake, ana ua lake la waridi katika sayari yake, na mbweha anabaki na huzuni, akijifariji kwa rangi ya ngano. Mwandishi yule hakuficha jambo. Mwenyewe aliwahi kufuga mbweha mdogo wa jangwani alipokuwa kazini Cape Juby, pwani ya Sahara, na huenda alijua vizuri jinsi mgeni asivyodumu. Katika hadithi mbweha hubaki peke yake kwenye shamba la ngano. Katika mji hubaki peke yake na jirani wa nyumba ya tano. Mwenye sahani huhama, huugua, huzeeka, huenda likizo. Mazoea aliyoyapanda hayahami pamoja naye.

Yafaa sasa kuwageukia wawindaji, maana hao husikiliza hoja kama hii wakitabasamu, wakidhani imekuja kuwatetea. Kwa miaka mingi kabila la wapanda farasi wa Uingereza lilidai kuwa lenyewe tu ndilo linalomjua mbweha kwa hakika na kumheshimu kama adui. Uwindaji huo wa mbwa ulikatazwa na sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika katika Uingereza na Wales mwezi wa Februari 2005. Wawindaji walilalamika kuwa watu wa mjini wameingilia jambo la shamba. Lakini historia yao haiwasaidii. Ilipotokea kwamba mbweha ni wachache, wawindaji waliwalinda wasiuawe na wakulima, wakawachimbia mashimo ya kuzalia. Na katika karne ya 19 mbweha waliletwa kutoka bara la Ulaya wakauzwa katika soko la Leadenhall, London, ili wafunguliwe na kufukuzwa. Mkulima aliyepoteza kondoo na kuku aliambiwa kuwa mbweha ni adui wa wote. Kumbe adui huyo alikuwa akitunzwa. Mwindaji naye, basi, alikuwa mfugaji asiye na zizi. Alipotaka mchezo mbweha alikuwa wake. Alipotakiwa kulipa mbweha alikuwa wa mwitu.

Mfano mkubwa zaidi wa dhambi hii uko Australia. Walowezi wa Kiingereza waliona kuwa nchi mpya bila mchezo wao wa zamani ni nchi isiyokamilika, wakaleta mbweha. Katika miaka ya 1870 mbweha walikuwa wamekwisha kushika makao katika jimbo la Victoria, na kwa muda wa kizazi kimoja au viwili tu wakaenea katika sehemu kubwa ya bara. Wanyama wadogo wa nchi ile, wenye mifuko ya kulelea watoto, hawakuwahi kumjua adui wa namna hiyo. Wengi walipungua, na mbweha pamoja na paka wamehesabiwa miongoni mwa sababu kubwa za kupotea kwa baadhi yao. Leo serikali na wakulima wa Australia huwawekea mbweha nyama yenye sumu iitwayo 1080. Mnyama yule yule ambaye London huwekewa nyama ili aje, Australia huwekewa nyama ili afe. Mbweha hakuchagua bahari aliyovushwa. Waliomvusha walikwisha kufa, na raha yao imekwisha kusahauliwa. Deni limebaki kwa panya-buku wa kienyeji wasiojua kukimbia, na kwa mbweha mwenyewe.

Wajapani wamemheshimu mbweha kuliko taifa jingine, na kwao kuna somo la pande mbili. Katika hekalu la Fushimi Inari mjini Kyoto, na katika maelfu ya mahekalu madogo ya Inari, mungu wa mpunga na neema, zimesimama sanamu za mbweha, wajumbe wake. Waabuduo huwatolea vyakula. Mtu aweza kuamini au asiamini. Lakini na atazame jinsi ibada hiyo isivyomgusa mnyama. Chakula huwekwa mbele ya jiwe, na mbweha wa mlimani huachwa na mlima wake. Heshima ipo, na umbali upo, wala kimoja hakimfukuzi mwenziwe.

Huko kaskazini, katika kisiwa cha Hokkaido, mambo ni mengine. Watalii wa siku hizi, waliotoka mijini, huwarushia mbweha vitafunwa kutoka katika magari. Na katika hifadhi ya Shiretoko wametokea mbweha waombaji, wakaao kandokando ya barabara kungojea magari, yaani kungojea kitu kile kile kiwezacho kuwaua. Tena mbweha wa Hokkaido wengi hubeba tegu mdogo ambaye mayai yake, mtu akiyameza kwa mkono mchafu au maji, huota katika ini polepole kwa miaka mingi kama saratani. Na ugonjwa huo una historia yake: katika miaka ya 1920 mbweha waliletwa kutoka visiwa vya Kuril katika kisiwa cha Rebun, karibu na Hokkaido, ili wapunguze panya na kutoa ngozi, na baada yao wenyeji wa Rebun wakaanza kuugua na kufa. Heshima ya kale iliyokaa mbali haikumwua mtu wala mbweha. Upendo mpya uliokaribia umeleta mabango ya kuonya kila mahali.

Je, basi mwanadamu asimtendee mbweha wema wowote? Hapa ndipo walishaji hutoa methali, Tenda wema nenda zako. Methali ni njema, lakini wao wametimiza nusu yake tu. Hawaendi zao. Hukaa dirishani wakingoja shukrani, na shukrani waitakayo ni mnyama kukaribia. Kama kuna mfano wa methali hiyo kutimizwa kamili katika habari za mbweha, ulionekana Uswisi mwaka 1978. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeenea kwa mbweha wa Ulaya tangu baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali zilijaribu kuwapiga risasi na kuwatilia gesi mashimoni, na ugonjwa haukusimama. Ndipo wataalamu wakatia chanjo katika vichwa vya kuku, wakavitupa misituni katika bonde la mto Rhone, wakaondoka. Mbweha walikula, hawakumwona aliyewapa, hawakumzoea mtu, na hawakuugua. Kazi ikaenea nchi hata nchi, chambo zikatupwa kwa ndege. Mwaka 2001 Ufaransa ikatangazwa kuwa imesalimika na kichaa cha mbweha, na mwaka 2008 Ujerumani. Huo ulikuwa wema mkubwa kupita wote aliotendewa mbweha na mtu, na hapana hata mbweha mmoja aliyekuja mlangoni kushukuru.

Itasemwa kuwa hoja hii ni ya Ulaya na Japani, na kwamba mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hana mbweha mlangoni. Jambo hili laweza kumfika kwa jina jingine. Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako kichaa kinachowaua watu huletwa hasa na mbwa, watu wa mashamba hujua kanuni moja iliyonunuliwa kwa maisha: mnyama wa porini akimkaribia mtu bila hofu, akimbiwe, maana huenda ni mgonjwa. Hata wale mbweha wa Serengeti wenye masikio mapana, wala mchwa, wamekutwa wakifa kwa ugonjwa huo. Hofu ya mnyama, basi, ni ishara ya afya yake, na aiondoaye kwa chakula anaifuta ishara ambayo maisha ya jirani yanaitegemea. Hifadhi za taifa zakataza kuwalisha wanyama, na katazo hilo huvunjwa na wasafiri wale wale wajionao kuwa wastaarabu: nyani wa njia kuu ipitayo katika hifadhi ya Mikumi hutupiwa ndizi na mikate kutoka madirishani. Abiria hucheka, basi likaenda Iringa. Nyani hubaki barabarani, na baada ya basi lile linakuja lori.

Hatimaye kuna wale wanachuoni waliotajwa mwanzoni, wasemao kuwa nia za watu kwa wanyama ni nyingi na zote ni sawa. Nia ikikaa moyoni au kitabuni, na iwe sawa na nyingine. Mtu na ampende mbweha au amchukie, amchore au amwimbe, amtengenezee hekalu au ampite kando. Lakini nia ikiisha kutiwa katika tabia ya mnyama, si ya mwenyewe tena. Imekuwa jambo la mtaa mzima, kwa kuwa mnyama ataichukua na kuipeleka kwa watu ambao hawakuichagua. Kumzoeza mbweha ni kuamua kwa niaba ya majirani wote kuwa watampenda, na kumwahidi mbweha kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa. Mtu mmoja hana mamlaka ya kutoa ahadi hiyo, na ahadi itolewayo na asiye na mamlaka ni uongo, hata ikitolewa kwa mkono mpole.

Anayetaka mnyama na afuge: atafute mbwa au paka au kuku, ajenge banda, alipe kinachopotezwa, amzike akifa. Anayempata mtoto wa mbweha aliyeumia na ampeleke kwa wajuao kumtibu na kumrudisha, bila kumfanya mwana wa nyumba. Anayempenda mbweha wa mwitu na afunge pipa la taka, aache kichaka kimoja nyuma ya bustani, amtazame kwa mbali, naye akikimbia asikasirike. Wahenga walisema, Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Waliyasema juu ya rafiki wa karamu, atoaye mkono wakati wa sahani na kuuficha wakati wa msiba. Mlishaji wa mbweha amekula naye miaka mingi. Siku mtego utakapotegwa katika bustani ya jirani, yeye atakuwa ndani, mlango umefungwa, na mbweha atakuja kama alivyofundishwa.